UZI: Ndege inayopita kasi ya sauti hupunguzaje mwendo wa hewa kabla haijafika kwenye injini?

Fundi Mitambo

Wakuu, salaam. Kila sikukuu ya Jamhuri zile F-5 za jeshi la wanahewa zikikata anga ya Nairobi, watu huanza kubishana mtandaoni kuhusu injini: ina nguvu kiasi gani, inakunywa mafuta mangapi, inaweza kushindana na ya nani. Maswali mazuri. Lakini mkipata picha iliyopigwa karibu, tazameni yale matundu mawili ubavuni, nyuma kidogo ya rubani. Hapo ndipo hewa inapoingilia, na mafundi tunapaita inteki. Uzi huu ni wa hayo matundu.

Hoja yangu ni moja. Ndege ikishavuka kasi ya sauti, sehemu ngumu ya kazi inahama kutoka kwenye injini na kuja kwenye inteki, na kazi yenyewe ni kupunguza mwendo wa hewa. Ikipunguzwa vizuri, ndege inapata presha ya bure. Ikipunguzwa vibaya, hakuna injini itakayookoa safari.

Anzieni na injini. Mbele kuna kompresa: safu baada ya safu ya mapanga yanayozunguka kwa kasi ambayo ncha zake peke yake hukaribia kasi ya sauti, na kwenye injini nyingine huipita. Mapanga hayo yamechongwa kupokea hewa inayokuja kwa takriban Mach 0.4 hadi 0.6, yaani karibu nusu ya kasi ya sauti. Yakiletewa hewa ya Mach 2, kila panga linajijengea wimbi lake la mshtuko, hewa inabanduka badala ya kulifuata panga, na kompresa inashindwa kusukuma. Hata kama hewa hiyo ingepenya, kule nyuma kwenye chumba cha kuchomea mafuta moto ungepeperushwa nje kabla haujashika.

Sasa chukua Concorde, ile ndege ya abiria iliyokuwa inapita kasi ya sauti. Ilikuwa inakwenda Mach 2.02, takriban kilomita 2,150 kwa saa, kwenye kimo cha kilomita 16 hadi 18. Injini zake za Olympus 593 zilitaka hewa ya Mach 0.5 hivi. Inteki yake ilikuwa na urefu wa mita 3 na kitu. Hewa ikiingia mdomoni, ilikuwa na muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde kutoka Mach 2 hadi Mach 0.5. Na msidhani ikifika kwenye kompresa inatambaa: kwa kuwa imeshapata joto, Mach 0.5 pale ni karibu kilomita 700 kwa saa.

Mwendo uliopunguzwa haupotei, unageuka joto na presha. Hapa ndipo nataka mnisome polepole, maana ndiyo roho ya uzi wote. Joto utalipata lote, upende usipende. Hewa ya nyuzi 56 chini ya sufuri ikisimamishwa kutoka Mach 2 inafika nyuzi 117 juu ya sufuri, hata ukiisimamisha kwa njia gani. Ikisimamishwa kutoka Mach 3.2 inafika karibu nyuzi 387. Presha ndiyo yenye mchezo. Kuna njia za kupunguza mwendo zinazokupa karibu presha yote uliyostahili, na kuna njia zinazoiua nusu yake au zaidi. Ufundi wote wa inteki ni kuipigania hiyo presha.

Inauawa na nini? Na wimbi la mshtuko. Chini ya kasi ya sauti hewa hupata habari mapema. Presha iliyo mbele ya ndege husafiri kwa kasi ya sauti, hewa inaanza kujipanga kabla ndege haijafika. Ndege ikiwa na kasi kuliko sauti, habari hiyo haina njia ya kutangulia. Fikirieni magari yanayoteremka Thika Road usiku, mbele kuna jam na hakuna taa: hakuna anayepunguza mapema, kila mmoja anakanyaga breki pale pale alipoikuta, na mahali pa kukanyaga breki panakuwa mstari mkali. Kwenye hewa mstari huo ndio wimbi la mshtuko. Unene wake ni sehemu chache tu za elfu moja za milimita, na ndani yake kasi inashuka, presha na joto vinapanda, vyote kwa mpigo. Ernst Mach na Peter Salcher walichapisha picha za mawimbi haya yakiizunguka risasi mwaka 1887, zaidi ya miaka 50 kabla ya ndege yoyote kuweza kuyatengeneza kwa mwili wake.

Wimbi likikaa wima, likiukata mkondo wa hewa kwa pembe mraba, linaitoa hewa juu ya kasi ya sauti na kuiangusha chini yake kwa hatua moja. Inasikika vizuri, mpaka uangalie bei. Ukifanya hivyo kwenye Mach 1.5, unabaki na asilimia 93 ya presha uliyostahili. Mach 2, asilimia 72. Mach 2.5, nusu. Mach 3, theluthi. Na kila asilimia moja inayopotea pale mdomoni inakula msukumo wa injini kwa takriban asilimia hiyo hiyo, wakati mwingine zaidi.

Wimbi likikaa mshazari ni habari nyingine. Linaipunguza hewa kidogo, hewa inabaki juu ya kasi ya sauti, na hasara ni ndogo mno. Kwa hiyo suluhisho ni kuipitisha hewa kwenye mawimbi kadhaa ya mshazari kwanza, kila moja likipunguza sehemu yake, kisha ukiwa umebaki na Mach 1.3 hivi, unamalizia na wimbi moja wima lililo dhaifu. Klaus Oswatitsch, mtaalamu kutoka Austria, alionyesha kwa hesabu miaka ya 1940 kwamba matokeo bora yanapatikana mawimbi ya mshazari yakigawana kazi sawasawa. Ndiyo maana mnaona ndege nyingine zina koni mdomoni na nyingine zina rampu, yaani bati lenye mwinamo. Koni na rampu kazi yao ni kuzaa hayo mawimbi ya mshazari.

Ulizeni, nipo.

---

Binti wa Embakasi

Asante sana mwalimu. Mimi nasoma mambo ya ndege hapa Nairobi na kuna kitu kinanichanganya. Darasani tulifundishwa kwamba hewa ikipita mahali pembamba inaongeza mwendo, na ikipanuka inapunguza. Sasa inteki za ndege za kasi zinaanza kwa kubana. Mbona wanabana wakati wanataka kupunguza?

---

Fundi Mitambo

Dada, ulichofundishwa ni kweli kabisa, ila ni kweli ya chini ya kasi ya sauti. Juu ya kasi ya sauti kinapinduka.

Sababu ni msongamano. Hewa ikiwa na mwendo mdogo, haibanani kirahisi, kwa hiyo ukipunguza njia lazima iongeze mwendo ili kiasi kile kile kipite. Juu ya kasi ya sauti, msongamano unabadilika kwa haraka kuliko mwendo. Ukipunguza njia, hewa inabanana kwa kiwango kikubwa hivi kwamba inapita pale pale ikiwa na mwendo mdogo zaidi. Kwa hiyo njia ikibana, hewa iliyo juu ya kasi ya sauti inapunguza mwendo. Ikipanuka, inaongeza.

Ndiyo maana inteki kamili ina sehemu tatu: inabana, inafika kooni ambako ni pembamba kabisa, kisha inapanuka taratibu kuelekea kwenye kompresa. Wimbi la mwisho, lile la wima, unataka likae karibu na koo, nyuma yake kidogo. Kabla ya wimbi, kubana kunapunguza. Baada ya wimbi hewa imeshakuwa chini ya kasi ya sauti, sheria uliyofundishwa inarudi, na kupanuka kunapunguza.

Hata Dreamliner za Kenya Airways zinafanya hiyo sehemu ya mwisho. Ndege inakwenda Mach 0.85, feni inataka pungufu ya hapo, kwa hiyo nyuma ya ule mdomo mnene wa mviringo njia inapanuka kidogo. Siku ukisimama karibu nayo, angalia mdomo ulivyo mnene na laini kama umevimba. Halafu linganisha na picha ya F-5: mdomo ni mwembamba, ncha kali. Mdomo mnene kwenye Mach 1.6 ungelisukuma wimbi la mshtuko mbele yake na kuzaa ukinzani mkubwa. Mdomo mkali nao una shida yake ndege ikiwa ardhini, maana hewa inayonyonywa kutoka kila upande haipindi vizuri kwenye ncha kali. Kwa hiyo F-5E ina milango ya ziada nyuma inayofunguka wakati wa kuruka ili injini isikose hewa.

---

Mzee wa Wilson

Kijana, nakusalimu. Nimefanya kazi na ndege za mapangaboi miaka mingi, za jeti si uwanja wangu, lakini nasoma. Hapo kwenye koni na rampu nina neno. F-16, ile ndege ya kivita ya Marekani, haina koni wala rampu. Ina tundu tu chini ya tumbo. Na inafika Mach 2. Sasa hao wanaoweka mitambo ya kusogeza mabati wanajisumbua kwa nini? Kila kitu kinachosogea ni kitu kitakachoharibika.

---

Fundi Mitambo

Shikamoo mzee. Hiyo kauli ya mwisho ningeiandika kwenye ukuta wa karakana.

Na uko sahihi kuhusu F-16. Inteki yake haisogei, na inategemea zaidi wimbi moja la wima. Kwenye Mach 2 inalipa ile bei ya juu, inapoteza zaidi ya robo ya presha. Waliikubali kwa sababu F-16 ilijengwa kupigana kwenye mwendo wa karibu na sauti, Mach 0.8 mpaka 1.5 hivi, na huko wimbi la wima halina madhara makubwa. Mach 2 kwake ni mahali pa kufika kwa muda mfupi. F-5 yetu ni vivyo hivyo: mwisho wake ni Mach 1.6 hivi, na kwenye mwendo huo wimbi moja la wima bado linakuachia karibu asilimia 90. Kuiwekea rampu zinazosogea kungekuwa uzito na gharama kwa faida ndogo.

Wamarekani wenyewe waliwahi kurudi nyuma. Ndege ya kudondosha mabomu ya B-1A ilikuwa na inteki zinazojirekebisha na ilifika zaidi ya Mach 2. Walipoijenga upya kuwa B-1B waliziondoa, wakaweka zisizosogea, na kasi ya juu ikashuka hadi Mach 1.25. Walijua wanachofanya, kazi yake ilikuwa imebadilika ikawa kuruka chini chini.

Lakini Concorde ilikuwa inakaa Mach 2 kwa saa 2 au zaidi mfululizo, na abiria ndani. Pale robo ya presha ikipotea, mafuta hayafiki New York. Inteki yake ilikuwa inahifadhi karibu asilimia 94. Tofauti kati ya 72 na 94 ndiyo tofauti kati ya ndege inayovuka Atlantiki na isiyovuka.

Ilivyokuwa ikifanya kazi: tundu la mstatili, juu yake rampu mbili, ya mbele na ya nyuma, katikati yake upenyo. Wakati wa kuruka rampu zote zimepanda juu, njia iko wazi, na mlango wa sakafuni unaingiza hewa ya nyongeza. Mpaka Mach 1.3 rampu hazijaanza kushuka. Kuanzia hapo zinashuka kidogo kidogo kadiri mwendo unavyoongezeka, ili mawimbi ya mshazari yaendelee kuangukia karibu na mdomo wa chini. Yakiangukia mbali nje, hewa inamwagika pembeni na kuwa ukinzani. Yakiangukia ndani, yanavuruga mkondo. Mtu hawezi kuzifuatilia kwa mkono. Walitumia kompyuta za kidijitali, na zilitengenezwa na kitengo cha makombora cha British Aircraft Corporation, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa ndege ya abiria ya miaka ile.

---

Jirani wa Roysambu

Nimesoma mahali kwamba kwenye Concorde inteki ilikuwa inatoa asilimia 63 ya msukumo, nozeli ya nyuma, yaani mdomo wa kutolea hewa ya moto, asilimia 29, na injini yenyewe asilimia 8 tu. Kama ni kweli, si waiondoe injini wabaki na tundu? Naona kama kuna mtu anacheza na namba.

---

Fundi Mitambo

Ndugu yangu, swali lako ndilo nililokuwa nalingojea, kwa sababu namba hizo zinazunguka sana na watu wanazielewa kinyume.

Namba zenyewe si uongo. Zinajibu swali hili: vile vipande vya chuma, kimoja kimoja, kinaisukuma ndege mbele kwa nguvu kiasi gani? Msukumo wa jeti mwishowe ni presha inayogandamiza kuta. Nyuma ya koo la inteki kuna chumba kinachopanuka, kimejaa hewa yenye presha kubwa. Kuta zake zimeinama, kwa hiyo presha ikizigandamiza inazisukuma kwa nje na mbele. Eneo la kuta hizo ni kubwa. Ukijumlisha, unapata sehemu kubwa ya msukumo wote ukiwa umeshikiliwa na kuta za inteki. Injini yenyewe inagandamizwa mbele na nyuma, na vinakaribia kulingana, kwa hiyo kwenye bolti zake unapima kidogo.

Lakini nguvu inapokaa si mahali inapotoka. Nishati inatoka kwenye mafuta. Zima injini: hewa inakosa mahali pa kwenda, wimbi la wima linasukumwa nje ya mdomo, hewa inamwagika, na ile inteki ya asilimia 63 inakuwa mzigo unaoirudisha ndege nyuma. Injini inanyonya hewa kwa kiasi kinachotakiwa, inaipasha moto na kuitupa nyuma. Hiyo ndiyo inaiweka presha ya inteki hai.

Kwa hiyo usiseme inteki ndiyo injini. Sema hivi: kwenye Mach 2 inteki inafanya sehemu kubwa ya kazi ya kompresa. Kwenye kilomita 17, presha ya nje haifiki hata moja ya kumi ya presha ya Mombasa. Inteki ya Concorde ilikuwa inaizidisha mara 7 na zaidi kabla panga moja halijaigusa. Kompresa inaipokea hapo na kuizidisha tena mara 11 au 12. Zidisha, unafika karibu 80 kwa 1. Kwa injini iliyochorwa miaka ya 1960 hiyo ni namba ya heshima kubwa, na hizo mara 7 za kwanza zilitoka kwenye bati lililoinama.

---

Jirani wa Roysambu

Hapo sasa nimeelewa. Na injini moja ikizima ghafla kwenye Mach 2, hiyo hewa inayomwagika haiipindui ndege?

---

Fundi Mitambo

Kwa Concorde, hapana. Injini ikizima, rampu za inteki yake zinashuka kabisa kupunguza hewa inayoingia, na ule mlango wa sakafuni unafunguka kumwaga inayobaki kwenda chini. Ndege ilikuwa inapoteza mwendo, lakini rubani hakuwa na vita vya kupigana.

Kuna ndege nyingine ambayo jibu ni tofauti kabisa. SR-71, ndege ya upelelezi ya Marekani.

SR-71 ilikuwa inaishi Mach 3.2. Kwenye mwendo huo, ukitegemea mawimbi ya nje peke yake unalazimika kuipinda hewa sana, na mdomo unageuka ukinzani mtupu. Ikabidi sehemu ya kazi ifanyike ndani: mawimbi ya mshazari yanaanzia kwenye koni iliyochomoza mbele, yanaendelea kugonga na kurudi ndani ya njia inayobana, na wimbi la wima linakaa nyuma ya koo. Ben Rich, ambaye baadaye aliongoza Skunk Works, kitengo cha kampuni ya Lockheed kilichoibuni ndege hiyo, baada ya Kelly Johnson, ni mmoja wa waliozifanyia kazi inteki hizo.

Ubaya wa mpango huo ni kwamba wimbi la wima halina utulivu wa asili. Likiwa nyuma kidogo ya koo linakaa. Presha ya injini ikipanda kidogo, au hewa ya nje ikibadilika joto, linasogea mbele. Likilifikia koo, halina pa kusimama: linachomoka na kutemwa nje ya mdomo kwa kufumba na kufumbua. Presha ndani inaporomoka, msukumo wa upande huo unakufa, ukinzani unapanda, na injini ya upande wa pili bado inasukuma kwa nguvu zote. Pua ya ndege inarushwa upande kwa ukatili. Marubani walikuwa wanagongesha kofia zao kwenye kioo.

Ili kulirudisha wimbi ndani, lazima ulifungue koo. Koni inasogezwa mbele, milango ya kumwaga hewa inafunguka, wimbi linamezwa tena, kisha koni inarudi nyuma taratibu. Kwa kawaida koni hiyo ilikuwa inakaa mbele kabisa mpaka Mach 1.6, halafu inarudi nyuma kadiri mwendo unavyopanda, jumla sentimita 66 hivi ifikapo Mach 3.2. Baadaye mfumo uliwekwa hivi: upande mmoja ukitema wimbi kwenye mwendo mkubwa, upande wa pili nao unalazimishwa kutema, ili ndege ipungue mwendo ikiwa imenyooka badala ya kupinda.

Na hili si jambo la kinadharia. Tarehe 25 Januari 1966, SR-71 iliyokuwa kwenye majaribio, ikiwa kwenye kona na mwendo wa takriban Mach 3.18, ilitema wimbi upande wa kulia. Ndege ilikatika vipande angani. Rubani Bill Weaver alijikuta nje akiwa hai, bila hata kujirusha na kiti. Mwenzake Jim Zwayer alifariki. Mtu akiniambia inteki ni tundu la kuingizia hewa, huwa namtajia tarehe hiyo.

Kompyuta za kidijitali zilipofungwa kwenye SR-71 miaka ya 1980, matukio hayo yalipungua sana.

---

Mzee wa Wilson

Marahaba, kijana. Hapo umeninyamazisha kuhusu mabati yanayosogea. Lakini nimeitazama ile F-5 kwenye picha ya mjukuu wangu na nimeona jambo. Inteki haikushikana na mwili wa ndege. Kuna pengo, mkono wa mtoto unapita. Mbona wanaacha pengo? Si hewa inapotea?

---

Fundi Mitambo

Mzee, una jicho. Watu wengi wanaitazama miaka na hawalioni.

Hewa iliyogusa ngozi ya ndege kuanzia puani inaburutwa na msuguano, kwa hiyo inapofika kwenye inteki kuna tabaka jembamba lililokwisha nguvu. Hilo pengo ni la kuliacha lipite nje. Ukiliingiza ndani, mambo mawili mabaya yanatokea. Kompresa inapokea hewa isiyo sawa, upande mmoja ina nguvu na upande mwingine haina, mapanga yanapigwa kwa zamu kila mzunguko, na injini inaanza kukohoa. Ndege za kivita za F-111 za mwanzo zilisumbuliwa sana na shida ya namna hiyo. Pili, wimbi la mshtuko likiigusa hewa hiyo dhaifu, hewa inashindwa kupanda ule mlima wa presha, inabanduka na kuziba njia.

Ule upenyo kati ya rampu mbili za Concorde ni wa kazi hiyo hiyo, unainyonya hewa dhaifu kabla haijaleta vurugu kwenye wimbi la mwisho. Kwenye SR-71 kuna matundu kwenye koni yenyewe.

Siku hizi kuna njia nyingine. Kwenye ndege ya kivita ya F-35 hakuna pengo wala bati linalosogea. Kuna nundu mbele ya mdomo, imechongwa kwa hesabu ya kompyuta, inabana hewa na wakati huo huo inaisukuma hewa dhaifu pembeni. Lockheed waliijaribu kwenye F-16 mwishoni mwa 1996. JF-17, ndege ya kivita ya China na Pakistan, nayo inayo. Nadhani mzee utaipenda: hakuna kinachosogea, hakuna kitakachokwama.

---

Jirani wa Roysambu

Swali la mwisho kwangu. Mbona tusiache tu kuipunguza hewa? Watengeneze injini inayopokea hewa ikiwa na mwendo wake.

---

Fundi Mitambo

Wametengeneza, ila haina kompresa wala panga lolote. Kuanzia Mach 5 au 6 kwenda juu, ukiisimamisha hewa joto linakuwa kubwa kiasi kwamba kuchoma mafuta juu yake hakukupi faida ya maana. Kwa hiyo wanaipunguza kidogo tu, wanaiacha juu ya kasi ya sauti, na mafuta yanachomwa humo humo. X-43A, ndege ya majaribio ya NASA isiyo na rubani, ilifika karibu Mach 9.6 tarehe 16 Novemba 2004, na injini yake iliwaka sekunde kama 10 tu. Kuwasha moto kwenye upepo wa namna hiyo ni kazi inayotaka uzi wake.

Ila hata hiyo injini inahitaji mawimbi ya mshazari mbele yake. Tumbo lote la ile ndege, kuanzia puani, lilikuwa ni rampu.

---

Binti wa Embakasi

Mwalimu, nimejaribu hesabu, naomba uikague. Ndege ya Mach 2.5, kimo cha kilomita 12, hewa ya nje nyuzi 56.5 chini ya sufuri, sawa na kelvini 216.65. Joto la hewa iliyosimama: 216.65 mara (1 + 0.2 × 2.5 × 2.5) = kelvini 487.5, yaani karibu nyuzi 214. Kwa wimbi moja la wima, hewa inabaki na Mach 0.51 na presha asilimia 50.

---

Fundi Mitambo

Iko sawa yote, dada. Sasa rudia kwa rampu mbili, kila moja iipinde hewa nyuzi 10, kisha wimbi la wima. Tumia jedwali la mawimbi ya mshazari, na ufanye hatua moja moja, usirukie. Utaona zile nyuzi 214 haziguswi, zinabaki vile vile, ila presha inapanda juu sana ya 50. Kisha ongeza rampu ya tatu uone inapanda kiasi gani tena, na uangalie mkondo umeshapinda nyuzi ngapi kwa jumla, kwa sababu mdomo wa chini lazima ufuate mwinamo huo na huko ndiko ukinzani unakozaliwa. Weka majibu hapa, na kama kuna hatua imekukwamia iandike kama ilivyo. Ya nozeli nitaifungulia uzi mwisho wa wiki.